Kobe wa Kaloleni

Jumamosi, saa nne na robo, stima ikapotea.
Kompyuta tatu zikafumba macho kwa pamoja;
ya nne ilikwisha kufumba tangu Februari.
Watoto kumi na tisa wakanigeukia
kana kwamba mimi ndiye niliyezima.

Nikatoa chaki mfukoni.
Sakafu ya ukumbi huu ni saruji ya zamani,
imesuguliwa na miguu ya harusi na ya matanga,
skrini pana kuliko zote nilizowahi kushika.
"Nani atakuwa kobe?"

Opondo. Nani mwingine.
Begi mgongoni likawa gamba,
chaki akaifunga kiatuni kwa kamba ya kiatu chenyewe.
"Kobe hana akili," nikawaambia, "wala hana ubishi.
Ana masikio tu. Mwambieni achore mraba."

"Chora mraba!"
Kobe akakodoa macho. Neno hilo halijui.
"Basi nenda mbele!" akadakia Gathoni,
na Opondo akaenda,
akaenda, akapita kiti, akapita ndoo ya maji,
akagonga ukuta kwa paji la uso,
miguu bado inakwenda palepale.
Waliosema mwenda pole hajikwai
hawakumjua huyu.

Tukaanza kuhesabu maneno kama nauli:
mbele hatua tano. Geuka robo, kulia.
Mbele hatua tano. Geuka robo, kulia.
Upande wa tatu, Halkano akachoka:
"Mwalimu, si tumwambie tu arudie mara nne?"
Nikanyamaza. Mtoto aliyeokota shilingi yake mwenyewe
usimfungulie ngumi.

Tukatoka uani kucheza brikicho.
"Brikicho!" "Bado!"
"Brikicho!" "Bado!"
Maadamu jibu ni bado, fumba macho, uliza tena:
walikuwa wakiijua amri hii tangu chekechea,
hakuna aliyewaambia ina jina.
Nikaandika IDADI kwenye kopo la mafuta ya kupikia;
kila anayekamatwa, gololi moja ndani.
Jina la kopo halibadiliki, hubadilika kilichomo.
Kemunto akalitikisa sikioni. "Sita."
Tulikuwa tumekamata saba.
Ya saba ilikuwa mfukoni mwake,
na hivyo tukapata, bila kupanga,
somo la kutafuta makosa.

Mwikali hajasema neno, wiki ya tano sasa.
Nilipouliza nani atamfanya kobe achore duara
wote wakatazama dari.
Kobe hajui kupinda. Anajua mbele, anajua geuka.
Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria:
"Mama akisukuma chapati
hasukumi duara.
Anasukuma kidogo, anageuza kidogo.
Anasukuma kidogo, anageuza kidogo."

Nje mtu alikuwa akigonga bati kwa nyundo.
Mimi niliyekaa chuo miaka minne,
na deni lake bado nalilipa,
sikuwahi kufundishwa hivyo.

Opondo akaanza. Hatua fupi, geuko dogo.
Krr, chaki. Krr.
"Mpaka lini?" nikauliza, maana kuuliza ndiyo kazi yangu.
Mwikali akafungua kinywa,
na stima ikarudi.

Ah! Viti vilivyolia!
Kumi na saba juu ya kompyuta tatu,
viwiko, makelele, kipanya kimoja mikono minne,
na mimi katikati nikigawa zamu kama mgema.
Nikawasahau walionyuma yangu.

Krr. Krr.
Nilipogeuka, Opondo alikuwa kwenye mzunguko wa sita,
jasho shingoni, begi limemlalia upande,
duara limekolea weupe kama ukingo wa sahani.
"Opondo, mbona huachi?"
"Hakuna aliyesema simama."

Mwikali hakuwa amekwenda kwenye mashine.
Aliinama, akatafuta kwa kidole mahali chaki ilipoanzia,
akaweka ndala yake hapo.
"Ukifika hapa," akasema.

Kobe akafika. Akasimama.
Akaomba maji.